Umepata mzabibu mpya? Uelezee kwanza kabla hujaupa jina

Kuna maneno nayasikia sana huku kwetu Dodoma, kuanzia Hombolo mpaka Mpunguzi, mtu anakwambia "mi nina aina yangu mpya ya zabibu", ukimuuliza inatofautiana vipi na Makutupora Nyekundu, ile aina ambayo wengi wetu tunalima, anakujibu hii ni tamu zaidi. Basi, kaishia hapo. Sasa tamu zaidi lini? Maana zabibu ileile ukiivuna mwezi wa pili mvua zinanyesha na ukaivuna mwezi wa nane jua limekauka, sukari zake hazilingani kabisa, na ukichelewa kuvuna wiki mbili tu inapanda tena. Utamu unakwambia umevuna lini na umemwagilia vipi, haukwambii huu ni mzabibu gani.

Mi nalima zabibu na pembeni ya shamba nimekuwa nikichanganya aina kwa miaka kadhaa sasa, nikapata miche yangu mwenyewe, na nikajifunza kwamba kuchanganya ndo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kuweza kumwonyesha mtu mwingine, ambaye hakujui na hana sababu ya kukuamini, kwamba mzabibu huu si ule. Ndo maana naandika hii, kwa sababu kuna watu wana vitu vizuri sana mashambani mwao na vitapotea hivihivi kwa kukosa maelezo.

Tuanze na kuchanganya kwenyewe. Ua la mzabibu wa kawaida lina dume na jike pamoja, na lina kakofia ka kijani ambako likifunguka kanadondoka kazima kazima. Likifika hapo umeshachelewa, chavua imeshamwagika na ua limejizalisha lenyewe. Kwa hiyo unaliwahi siku chache kabla, unachukua kibanio kidogo, unatoa kakofia pamoja na vile vinyuzi vyenye chavua, ua moja baada ya jingine, kwenye kichala ulichokichagua, na maua mengine yote ya kichala hicho unayakata. Inachosha macho, fanya asubuhi. Alafu funika na mfuko wa karatasi, nailoni usiweke kwa sababu jua letu litaunguza kila kitu ndani. Baada ya siku moja au mbili ukiona kile kidomo cha jike kimelowa kama kina kitone, leta chavua ya baba, paka kwa brashi laini, funika tena, na andika kwenye kibati nani mama nani baba na tarehe. Chavua unaikausha kivulini na inakaa vizuri kwenye kichupa ndani ya friji, so hata kama baba na mama hawachanui wiki moja haina shida.

Mtu mwingine atauliza kwanini nisichukue tu mbegu za Makutupora nizipande. Panda, ila jua kwamba mzabibu ukijizalisha wenyewe watoto wengi wanatoka dhaifu, na kila mbegu moja ni mzabibu wake tofauti, haitoki sawa na mama. Ndo sababu duniani kote zabibu zinapandwa kwa pingili. Alafu rangi nayo ina mambo yake, ukichanganya nyeupe kwa nyeupe, mfano Chenin Blanc na nyeupe nyingine, tegemea watoto weupe, usisubiri nyekundu itokee. Na ukitaka zabibu isiyo na mbegu usiifanye ndo mama, maana kile kijusi kinakufa mapema ndani ya punje, wenye maabara wanakiokoa kwenye chupa ila wewe na mimi tuitumie isiyo na mbegu kama baba.

Mbegu ukizitoa zioshe vizuri, zimwage kwenye maji, zinazoelea tupa. Zinazobaki zifunge kwenye mchanga mbichi au kitambaa chenye unyevu uziweke kwenye friji, isiwe friza, karibu miezi mitatu. Mbegu ya zabibu inasubiri baridi ndo iamke, na baridi hiyo hata Julai ya Dodoma yenye upepo wake wote haiitoshi. Baada ya hapo kwenye viriba.

Na hapa ndo subira inaanza. Mche wa mbegu unaweza kukaa miaka miwili, mitatu, hata zaidi bila kuonyesha ua. Nawakumbusha wenzangu stori ya Abraham Perold, profesa wa Stellenbosch Afrika Kusini, mwaka 1925 alichanganya Pinot Noir na Cinsaut, wao kule waliita Hermitage, akapata mbegu nne tu. Nne! Ndo zilizozaa Pinotage, aina ya zabibu nyeusi ya divai. Lakini chupa ya kwanza ya divai yenye jina hilo kwenye lebo ilifika sokoni mwaka 1961. Kwa hiyo ukiona jirani anasema amepata aina mpya msimu uliopita na tayari anauza miche, muulize vizuri.

Sisi tuna nafuu moja kubwa ambayo Ulaya hawana. Huku mzabibu haulali kwa baridi, unauamsha wewe kwa kupogoa, na tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na wa tatu, alafu wa nane na wa tisa. Maana yake mche wako ukishaanza kuzaa unaupima mara mbili kwa mwaka, kwenye hali mbili tofauti kabisa. Msimu wa mvua unakuonyesha magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na mi nashauri uache mstari mmoja wa miche ambao hupulizi dawa kabisa ili uone nani anasimama nani anaanguka, inauma kuangalia lakini ndo njia. Ila usijipe matumaini makubwa sana, zabibu zetu hizi karibu zote ni ukoo wa Ulaya na ukoo huo unaugua ubwiri, kinga ya kweli watafiti wanaitoa kwa mizabibu pori ya Marekani na Asia. Utakachopata ni nafuu, kuna watoto wanaugua kidogo na wengine wanaungua wote. Msimu wa kiangazi ndo unaonja, ndo unapima briksi, yani kiwango cha sukari, ndo unaangalia kama ngozi inapasuka.

Haya, umebaki na mche mmoja umeupenda. Usiuelezee huo! Kata pingili, otesha, panda safu ya kutosha, na pembeni yake kabisa, udongo uleule, bomba lilelile la matone, siku ileile ya kupogoa, panda ile aina inayofanana nayo zaidi. Kwa wengi wetu itakuwa Makutupora Nyekundu au Syrah. Bila hiyo ya pembeni huna unachokilinganisha, unabaki na maneno matupu. Na sababu nyingine, mche uliotoka kwenye mbegu una utoto wake, majani yanapangika kwa kuzunguka shina na pale chini hauna hata vile vikamba vya kujishikizia, vinaanza kutokea juu baada ya vifundo kadhaa, so ukiuchora huo unachora utoto, sio aina.

Sasa kuelezea. Kuna shirika la kimataifa la mzabibu na divai, OIV, wana orodha ya sifa za mzabibu na kila sifa ina namba yake na alama zake. Namba 001 ni ncha ya chipukizi changa imefunguka au imefumba. Namba 151 ni jinsia ya ua. Namba 225 ni rangi ya ngozi ya punje, 1 ni kijani-njano, 2 ni pinki, 3 nyekundu, 4 kijivu, 5 zambarau iliyokolea na 6 ni bluu-nyeusi. Ukiangalia hapo utaona zabibu nyingi tunazoziita nyekundu Dodoma haziko kwenye 3 hata kidogo, na mtu wa Italia akisoma kwamba yako ni nyekundu atafikiria kitu kingine kabisa. Ndo faida ya namba, mtu hahitaji kukuelewa wewe, anaielewa alama.

Kuna utaratibu wake wa kuangalia na watu wanaupuuza. Ncha ya chipukizi unaiangalia ikiwa ina urefu wa sentimita 10 mpaka 30 hivi, ukizidisha hapo vile vinyweleo vinapotea na rangi inabadilika. Jani unachukua lililokomaa, kutoka katikati ya tawi juu ya vichala, kati ya muda punje zimeshika na muda zinaanza kubadilika rangi, sio jani la chini kabisa lililozeeka wala la juu linaloning'inia laini. Chukua majani kama kumi kutoka miche tofauti. Angalia limegawanyika vipande vingapi, vitatu au vitano, meno ya pembeni yamenyooka au yamevimba, ligeuze uangalie chini kuna sufi au ni laini. Alafu kuna pale kikonyo kinapoingia kwenye jani, pana uwazi, kuna aina ule uwazi uko wazi kabisa na kuna aina kingo mbili za jani zinapandana mpaka uwazi unafunga. Mi hapo ndo mahali napaamini kuliko sehemu yoyote ya jani. Kwa nini? Kwa sababu ukubwa wa jani unabadilika ukiweka samadi, ukubwa wa punje unabadilika ukimwagilia sana, lakini umbo la ule uwazi na wingi wa vinyweleo haviyumbi sana mvua ije isije. Ukitaka kutofautisha aina tafuta sifa kama hizo, alafu ndo uje na vipimo vya rula na mizani kama nyongeza.

Rangi ya punje itazame asubuhi kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, sio jua la saa saba, na ufute ule unga mweupe kwanza, ila ule unga nao ni sifa, uandike kivyake kama ni mwingi au mchache. Punje toa katikati ya kichala. Onja nyama yake ina harufu ya muskati, yani ile harufu kali ya manukato ya baadhi ya zabibu, au haina, kamua uone mchuzi una rangi au ni mweupe, maana nyeusi nyingi mchuzi wake ni mweupe na rangi inatoka kwenye maganda wakati wa kuchachua. Hesabu mbegu. Piga picha ila weka rula kwenye picha, picha bila rula haisaidii.

Na kitu kimoja muhimu sana, usielezee mzabibu mgonjwa. Kuna virusi vya kukunja majani, kwenye zabibu nyeusi vinafanya jani liwe jekundu huku mishipa ikibaki kijani na kingo zinajikunja kwa chini, na inapendeza kweli, mtu anaandika "jani jekundu zuri" kama sifa ya aina yake kumbe ni ugonjwa na anausambaza kwa pingili.

Mi mwenyewe nilielewa haya zaidi niliposoma maelezo ya rasiberi nyekundu, tunda ambalo wengi hatujaliona, linataka baridi ndefu na huku halitaki kukaa. Kule wanaanza na fimbo, yani shina, rangi yake, miiba mingapi na ya aina gani, alafu ndo wanafika kwenye tunda. Aina inaitwa Heritage iliyotolewa Geneva, New York mwaka 1969 inajulikana hasa kwa kuzaa kwenye shina la mwaka uleule wa kwanza, wakati rasiberi nyingi za zamani zilisubiri mwaka wa pili. Hiyo ni sifa ambayo mkulima yeyote anaiona akiwa amesimama shambani. Hakuna sehemu unakuta "ni tamu zaidi" ikaachwa hapo.

Upande wa sheria nitapita haraka. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2012 ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 nchi ikaingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Kwa utaratibu wa UPOV wa 1991 mizabibu na miti inalindwa angalau miaka 25. Aina inatakiwa iwe tofauti na zinazojulikana, miche yake ifanane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilike ukiizalisha tena na tena. Majaribio ya kuthibitisha hayo yanahusika na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, pale Morogoro. Kabla hujafika huko pita TARI Makutupora, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, ndo wenye zabibu kitaifa na wana aina nyingi zimesimama shambani, kulinganisha yako na zao kunaweza kukuokolea miaka, inawezekana mzabibu wako wa ajabu ni aina ya zamani iliyoletwa kitambo na ikasahaulika jina.

Na pingili usiuze. Upya kwenye sheria hizi unahesabiwa kwa mauzo, ukishaiuza hapa nchini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, haihesabiki mpya tena hata kama wewe ndo uliyeizaa. Jirani akitaka kujaribu mwandikishane kwamba ni majaribio, na asigawe.

Jina nalo lisiwe la kudanganya. Ukiita "Isiyo na Mbegu ya Mvumi" wakati ina mbegu mbili kila punje halitapita, na usichukue jina linalokaribiana na aina iliyopo. Mpaka hapo uandike tu kibati, jina la mama, alama ya kuzidisha, jina la baba, na namba ya mche. Mimi wangu bado unaitwa kwa namba, safu ya kulinganisha naipogoa tena Aprili hii na chipukizi zikifika sentimita kumi naanza kujaza fomu upya kutoka 001.