Jibu la msomaji: Kazi isiyo na klayenti inataka mtu na siku

Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: unatengeneza nini ambacho hakuna aliyekulipa ukitengeneze, na unafanyaje mpaka kikaisha? Sehemu ya kwanza wengi watawajibu vizuri tu, manake kila dizaina ana folda yake ya mambo yake. Mimi naitaka zaidi hiyo sehemu ya pili, hapo kwenye kuisha, kwa sababu hapo ndo wengi tunakwama.

Mi ni dizaina wa grafiksi, niko Mombasa kisiwani, kazi zinazonilisha ni kadi za harusi, baneri, stika, menyu za hoteli, nembo za saluni, kazi ambazo klayenti anakupigia saa nne usiku anataka ile nembo iwe kubwa kidogo. Nje ya hizo nina zangu za aina mbili. Moja ni kadi za Idi ambazo nachonga na kuchapa kwa mkono kila mwaka, na za Krismasi kwa majirani zetu Wakristo. Ya pili ni vyombo, vitu vya nyumbani ambavyo naona vinamtesa mtu nikasema hapana, hiki kinaweza kuwa bora. Na nikivitazama vyote nimeona jambo moja tu: kila kilichoisha kilikuwa na mtu anayekingoja, mtu namjua kwa jina, na siku ya kumkabidhi. Vilivyokosa kimoja kati ya hivyo viwili bado ni michoro mpaka leo. Nina michoro mizuri sana ya kibebeo cha madafu cha kufunga nyuma ya baiskeli, vipimo vyote nishaviweka, lakini hakuna muuza madafu hata mmoja aliyenambia nakitaka kabla ya siku fulani, basi kimelala.

Nianze na kadi. Mpangilio wangu nimeuchukua kwenye kanga na sijaubadilisha miaka yote: pindo kuzunguka pande nne, mji, yani ule uwanja, katikati, alafu jina, yani yale maneno ya kanga, pale chini. Mtu wa pwani akiishika anajua asome wapi, sina haja ya kumwelekeza. Tena kuna jambo la vipimo ambalo lilinifurahisha mno nilipolikokotoa, kanga moja ni karibu sentimita 150 kwa 110, ukigawanya unapata kama 1.36, na karatasi hizi zetu za A4, A5, A6 zote ni 1.41, yani kanga ukiipunguza inaingia kwenye kadi ya A6 karibu bila kuvutwa popote. Watu wanahangaika kutafuta gridi, yani mistari ya kupangia ukurasa, kwenye vitabu vya Uswisi na gridi imejaa pale Biashara Street, imetundikwa mlangoni! Wale wauza kanga wa Mali ya Abdulla wako hapa Mombasa tangu 1887, na mtaa ule mzima ni darasa, mi huenda kusimama tu nikatazama vile mchoro wa korosho unavyogeuka kwenye kona ya pindo, manake kona ndo pagumu, dizaina mvivu utamjua kwenye kona, anakata tu mchoro anaanza upya upande wa pili.

Alafu kanga huuzwa doti, mbili pamoja hazijakatwa wala kupindwa, ukifika nyumbani ndo unakata. Na mimi kadi zangu natoa doti. Karatasi moja ya A5, gramu 300, ina kadi mbili sawasawa hazijakatwa, anayepewa anakata mwenyewe, moja anabaki nayo na ya pili anampa mtu mwingine anayemtaka yeye. Hilo napenda kulieleza kwa sababu ndo kitu pekee kwenye hizo kadi ambacho naona nimekibuni mimi kweli, mengine yote ni ya kina mama wa zamani. Kuna mwaka kadi yangu ilimfikia mtu Doha ambaye simjui kabisa, kakangu alimpa doti ya pili mwenzake anayelala naye chumba kimoja, yule mtu akanitumia pikcha ameibandika kando ya kitanda. Kwa mimi hiyo imepita nembo zote nilizowahi kulipwa.

Kuchapa nachapa na ile mpira laini ya soli ambayo mafundi wa viatu wanauziwa kwa karatasi kubwa, inachongeka vizuri na kisu kidogo, na wino ni ule wa kuchapia fulana. Rangi mbili tu kwa mwaka, manake kila rangi ni kibao chake, na herufi unazichonga kinyume ili zitoke sawa. Idi ikiangukia masika kuna taabu, unyevu wa Mombasa mnaujua, karatasi inajikunja na wino hautaki kukauka, unatandaza kadi kitandani na feni juu, wewe unalala kwenye mkeka.

Lakini kazi ngumu kushinda zote ni jina. Jina la kanga lazima liwe fupi, liwe na maana ya juu na ya ndani, na mtu ajisomee yake. Mwaka ule kakangu alipoondoka niliandika MLANGO U WAZI NJIA IJAPOKUWA NDEFU. Mamangu alipolisoma alinyamaza, alafu akaniomba doti nyingine. Mwaka uliofuata SAUMU IMETULEA IDI IMETUKUSANYA. Kila jina najaribu kwa sauti mbele ya mama, akisema "hili halina utamu" nalifuta, na hakuna klayenti aliyewahi kunifanyia kazi yangu ikawa bora kama mama kwenye hilo.

Na siku? Siku ya Idi haina mjadala. Mwezi 29 Ramadhani wino uwe umekauka na za mbali ziwe zishatumwa zamani, manake mwezi ukionekana usiku ule hakuna wa kukungoja. Tena mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kama siku 11 kwa kalenda hii ya kawaida, kwa hivo huwezi kuizoea, na Shaabani ndo harusi zimejaa na kadi za watu zimenijaa mezani, lakini lazima nipate usiku wa kuchonga. Hata asili ya kadi hizi ni hiyo hiyo. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilikuwa 1843 Uingereza, Henry Cole alikuwa na barua nyingi za kujibu na Krismasi iko mlangoni, akamwambia mchoraji John Callcott Horsley amchoree moja ichapwe nyingi. Watu walikuwa wanangoja na siku imefika, basi kazi ikatoka.

Sasa vyombo, na hapa ntakaa kidogo. Shangazi yangu magoti yanamuuma, kukaa chini kwenye mbuzi kukuna nazi ikawa ni adhabu. Najua mtasema mashine za kukunia ziko sokoni, ndio ziko, lakini yeye anataka nazi aikune saa ile ile anapopika, na mfungo ukiingia nazi ni kila alasiri, mara muhogo, mara viazi, mara mbaazi, mara ndizi mbivu. Nikamwambia shangazi, mfungo hautaingia sijakupa mbuzi ya kukalia kwenye kiti. Akanambia "haya mwanangu, nakungoja". Basi nikawa nishafungwa.

Mawazo ya kwanza ya kila mtu ni kuirefusha miguu. Haifai, na sababu yake ndo iliyonifanya niiheshimu ile mbuzi ya zamani. Mbuzi haina gundi wala skrubu ya kuishika sakafuni, kinachoishika ni uzito wa yule anayekuna. Iko chini na umeikalia, unaposukuma nazi kwenye meno ya ule ulimi wa chuma mwili wako wenyewe ndo unaizuia isibinuke. Ukiinua miguu unainua na ulimi, ulimi uko mbele ya miguu, kila unaposukuma chini kiti kinataka kwenda mbele. Wengine wametengeneza za kubana mezani, nimezijaribu, unakuna kwa mabega badala ya mwili mzima na mtu mzima anachoka haraka.

Kwa hivo niliacha miguu kabisa. Ni ubao tu, mrefu, mwembamba, unauweka juu ya kiti cha mbao au benchi, unaukalia, na ulimi unatokeza katikati ya magoti. Miguu ni ya kiti, uzito ni wa shangazi. Sehemu kubwa ya ubao ikiwa chini ya mtu na kipande kifupi tu ndo kinatokeza mbele, hata usukume vipi hakuna kubinuka. Chini nimebandika mpira wa tairi kuukuu usiteleze. Sinia inakaa mbele juu ya kigoda. Kiti cha plastiki hakifai, kinayumba.

Ulimi nilitaka utoke, ufichwe mbali na watoto. Fundi wa Majengo aliyenichomea akanitazama akasema "dada, ikilegea hii itamkata mtu". Nikamwambia ndo maana nataka bolti mbili, fundi, moja ingezunguka, mbili haziwezi, na nati ziwe zile za masikio ambazo mtu mzima anafunga kwa vidole bila spana. Hapo akanielewa, alafu akaongeza lake ambalo mi sikuliwaza, akaupinda ule ulimi kwenda juu kidogo ili nazi isiteleze ikaanguka mbele. Mbao ya mwembe ni rahisi kupata ila huingia bungua, nikatafuta vipande vya mbambakofi kwa maseremala, vile wanavyobakisha. Ramadhani ilipoingia shangazi alikuwa nayo jikoni. Baadae akaja mwenzake wa kamati ya maziko, akataka yake, na yeye nikamuuliza unaitaka lini.

Kuna watu hawahitaji mtu wala siku, sikatai. Harry Beck alikuwa mchora michoro ya kiufundi aliyefanyia kazi treni za chini ya ardhi London, mwaka 1931 akachora ramani mpya kwa muda wake mwenyewe, hakutumwa na yeyote, akainyoosha mistari yote iende wima, mlalo au mshazari. Wakaikataa, wakaona imezidi. Akaipeleka tena, na 1933 ikachapwa, leo miji mingi duniani inachora hivo hivo. Lakini mtu wa kurudi tena baada ya kukataliwa, bila kungojwa na yeyote, ni nadra. Mi nawasema sisi wengine ambao tunarudi nyumbani tumechoka.

Jambo la haki za mbunifu nalitaja haraka kwa sababu vijana huniuliza. Robert Indiana wa Marekani alichora lile neno LOVE, O imelala, likawa kadi ya Krismasi ya jumba la sanaa la MoMA, New York, mwaka 1965, likapendwa mpaka 1973 likawa stempu ya posta, na kwa kuwa haki zake hazikuwa zimelindwa, watu wakalichapa kila mahali bila kumlipa. Hapa Kenya dizaini ya kitu unaiandikisha KIPI, ile taasisi ya serikali ya haki za ubunifu, unapata miaka 5, unaweza kuongeza mara mbili mpaka 15. Lazima iwe mpya, kwa hivo salama ni kuandikisha kabla ya kuiposti. Mbuzi yangu sikuiandikisha kwa hiari yangu, nataka kila fundi wa pwani aichomee mamake. Ila ningekuwa nataka kuiuza ningeenda kwanza, na wewe nenda.

Watu huniambia hizi zako zinakula muda wa pesa. Mi naona kinyume. Kona za pindo nilizojifunza kwenye kadi ya Idi ndo zimeingia kwenye kadi za harusi ninazolipwa, na klayenti anaziona hata kama hajui anaona nini. Ile ya kuuliza "uzito unakaa wapi" niliipata kwenye mbuzi, nikaipeleka kwenye mabango ya kusimama, yale ya nje ya duka ambayo upepo wa kusi unayaangusha kila siku. Lakini hata zisingeleta kitu kwenye kazi ningezifanya. Mji huu una vitu vizuri vilivyobuniwa na watu wasiojulikana majina, kifumbu, chano, deli ya kahawa yenye mkaa wake chini, na kila kimoja kuna mtu alikifikiria sana kwa ajili ya mtu mwingine, na naona uchungu dizaina wa Mombasa akijua kutengeneza posta ya filamu ambayo haipo lakini hajawahi kumwangalia bibi yake akikamua tui.

Basi jibu langu kwa swali lenu: mtafute mtu, mwambie, mpe siku, na usimwambie "nikipata nafasi". Mwenzangu mmoja nilimpa ushauri huu, ana wazo la taa ya kusomea ya kufungwa kwenye kitanda cha dabali miaka nenda miaka rudi. Nikamwambia mpelekee mtoto wa dadako anayekaa bweni, kabla hawajafungua shule. Wiki iliyopita kanipigia kuniuliza nati zangu za masikio nazinunua wapi.