Kwa nini nilikuwa silali masika

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema huko Dodoma mvua zimeshakata na vumbi limeanza, na kwamba juzi mjukuu wangu alishikwa na homa ukakaa naye macho mpaka alfajiri, ndipo ukanikumbuka. Ukaniuliza: "Mama, mbona masika ulikuwa hulali? Kila nikizinduka usiku nakukuta umekaa kitako, kibatari kimepunguzwa. Ulikuwa unaumwa?"

Sikuwa naumwa, mama'ngu. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana simu hukatika na maneno haya sitaki yakatike.

Nianze na masika yenyewe, umsimulie mwanao. Kwetu Tanga mvua hutanguliwa na upepo. Mwezi wa tatu upepo wa kaskazi unachoka, bahari inatulia tuli, na joto linakuwa la kukosesha raha hata kivulini. Wavuvi wanakiita kipindi hicho maleleji. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akitoka uani asubuhi, anasimama kifua wazi, anageuza uso huku na huku. Akirudi anasema, "Kaskazi imekufa." Basi. Hapo nilijua nina siku chache za kuanika kila kinachoanikika. Kisha upepo wa kusi unaingia, na wingu linatoka baharini. Ukiwa umesimama pale Bombo unakiona kisiwa cha Toten kinafifia, kinafifia, mara hakipo, na kabla hujakimbia matone yameshakufikia. Aprili na Mei ndipo inapokolea. Kuna siku inaanza adhuhuri hadi Isha haijapumua.

Najua wewe unakumbuka raha yake, na raha ilikuwepo. Unakumbuka tulipokwenda Ngamiani, zile barabara za namba zinazoanza ya 1 mpaka ya 21 zimejaa maji, watu wameshuka kwenye baiskeli wanazikokota, viatu wamevitundika kwenye usukani? Kaka yako alikuwa akihesabu barabara kwa sauti kila tukivuka moja, akikosea anataka turudi mwanzo. Unakumbuka kumbikumbi, tunazima taa ili wasijae ndani, asubuhi nazoa mabawa kwa ufagio na kuku wameshiba hawataki pumba. Na mboga! Mvua ya wiki mbili tu, mchunga na mnavu vinaota vyenyewe nyuma ya nyumba, huna haja ya kwenda sokoni.

Sasa kitu ambacho hukukijua, maana watoto hatukuwaambia. Masika ndiyo iliyokuwa miezi yetu ya njaa. Kusi ikivuma, bahari inachafuka na vyombo vidogo havitoki. Baba yako alikuwa baharia kwenye dau la mtu. Dau likipandishwa pwani, na riziki yake imepandishwa. Ndiyo maana ulimwona yuko nyumbani siku nzima, amekaa kwenye kigoda anashona jarife, ule wavu wa papa, kamba imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Wewe ulidhani amepumzika. Tulikula bada ya muhogo na ng'onda ya samaki niliyoikausha wakati wa kaskazi, nikaigawa vipande nikivihesabu, na mwenye duka alikuwa na daftari letu. Mimi na baba yako tulipokezana kusema, "Nimeshiba, malizieni nyinyi." Sikuambii haya uhuzunike. Nakuambia kwa sababu umeuliza, na umeshakuwa mama.

Lakini si njaa iliyoninyima usingizi. Njaa ukiizoea unalala nayo.

Mwaka unaoukumbuka wewe ni 1998, ulikuwa na miaka 7, mdogo wako ananyonya. Nyumba yetu ya Sahare ilikuwa ya fito na udongo wa kukandika, paa la makuti. Makuti huezekwa wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua likiwa kali na kazi ikiwa nyepesi. Kila mwaka baba yako alikuwa akitoa yaliyooza na kutia mapya, nami nilimshonea viungo vya makuti. Sasa mwaka ule kaskazi haikutupa nafasi. Vuli ya 1997 ilikuja na ile mvua ya El Nino, ikaanza Oktoba na kuendelea kunyesha hata mwaka ulipogeuka. Ramadhani iliingia tukiwa kwenye matope. Idi ilikuwa mwishoni mwa Januari, na nguo zenu hazikukauka. Gauni lako la njano nililipiga pasi ya mkaa likiwa bichi, mvuke unaniunguza vidole, nikalipiga tena na tena mpaka likavalika. Viungo mia mbili nilivyokuwa nimeshona vililala uani vikaota ukungu. Palipopatikana siku chache za jua, kila mtu Sahare alitaka fundi na makuti kwa wakati mmoja, na sisi hatukuwa na kitu mkononi.

Kwa hiyo masika yakaingia juu ya paa lililooza. Palivuja mahali kumi na moja, nilipahesabu. Palipovuja sana niliweka beseni la bati, pengine sufuria, pengine bakuli, na penye matone madogo niliweka kikombe. Siku moja umewahi kuniambia kwamba ile ilikuwa kama ngoma, ti, ti, to, na kwamba ukisikia mvua unaikumbuka ngoma ile mpaka leo. Nikanyamaza. Ngoma uliyoisikia ilikuwa ya mwanzo wa usiku tu. Mkishalala nilikuwa nachana kitambaa cha kanga kuukuu na kukitandika ndani ya kila chombo, tone lianguke juu ya nguo, lisiwaamshe. Kisha nilikuwa nazunguka: namwaga lililojaa, nakamua kitambaa, narudisha. Godoro lenu lilikuwa la sufi, na sufi ikinywa maji haikauki mwezi mzima, inanuka. Nililisogeza nyinyi mkiwa juu yake, polepole, kidogo kidogo.

Hata hivyo vyombo ningeweza kuvipokezana na baba yako nikalala. Kilichonikalisha macho ni ukuta.

Mvua ya kusi haianguki wima, inakuja ubavuni. Ukuta wetu wa upande wa kusini ulikuwa unapigwa usiku kucha, na upenu wa makuti mabovu haukuukinga. Udongo ukishiba maji unalainika, unaachana na fito. Nilikuwa nakaa karibu nao na kuweka kiganja. Ukiwa mzima unakuwa baridi tu. Ukianza kuharibika unahisi ubichi unatoka kama jasho, na ukitega sikio unasikia chembe za udongo zinapukutika ndani, kidogo, kama panya anatafuna. Na wewe na kaka yako mlikuwa mnalala chini ya ukuta ule ule.

Usiku mmoja wa Aprili, Idi Kubwa imepita siku chache, ukuta wa jiko la uani ulianguka. Haukufanya kishindo unachokidhania. Ulilala tu, puu, kama mtu mnene anayekaa kwenye matope. Baba yako akatoka na tochi, akarudi, hakusema kitu. Alimbeba kaka yako, mimi nikakubeba wewe, tukawalaza chumbani kwetu katikati ya sakafu, mbali na kuta zote, tukatandika mkeka na majamvi yote tuliyonayo. Wewe ulifumbua macho ukauliza, "Leo tunalala wote?" Baba yako akakujibu, "Leo tunalala wote. Paukwa!" Ukaitikia, "Pakawa!" Akaanza hadithi saa nane za usiku, mkono wake mmoja umekushika kisigino. Sauti haikumtetemeka. Ila mimi niliyekuwa nimeegemea bega lake nilisikia moyo wake unavyokwenda.

Tukalala hivyo mpaka Juni. Kila usiku hadithi, kila usiku wote wanne chini na mdogo wako kifuani kwangu. Baba yako alikuwa anawahi kulala kabla ya hadithi kuisha, mnacheka, mnamvuta sikio amalizie. Halafu mnalala. Halafu mimi nakaa.

Nadhani hilo ndilo unalolikumbuka kwa utamu, kulala wote pamoja, joto la baba yako, harufu yake ya sifa, yale mafuta ya papa aliyopaka dau, mvua nje. Usije ukadhani nimekuharibia. Ni kweli ilikuwa tamu. Mimi mwenyewe nikiulizwa ni wakati gani nirudishiwe, sitaji wakati wa kushiba. Nataja usiku ule: nimekaa, kibatari kimepunguzwa, nawahesabu, mmoja, wawili, watatu, na baba yenu anakoroma kama boti ya mashine. Kiganja changu kiko ukutani na ukuta umesimama. Bahari ilikuwa imemkataa baba yako, na kwa kumkataa ilinipa miezi mitatu ya kumwona. Tangu amefariki nimeyafikiria sana hayo.

Ukuta ule haukuanguka. Julai, udongo ulipokauka, aliubomoa mwenyewe kwa jembe na kuukandika upya, na wewe ndiye uliyekuwa unakanyaga matope huku unaimba.

Sasa nyumba ni ya matofali, na bati mlinichangia nyinyi, Mungu awazidishie. Haivuji hata tone. Mvua ya mwaka huu imeanza wiki iliyopita, na juu ya bati inapiga kelele kweli, husikii adhana. Bado nazinduka. Saa nane, saa tisa, nakaa kitandani nasikiliza, kisha nanyanyuka napita chumba hadi chumba na tochi, sakafu kavu, narudi.

Mwanao homa imeshuka? Mpe uji mwepesi, usimlazimishe chakula. Nimemwagiza mtu anayesafiri Alhamisi akuletee papa mkavu na nazi sita. Papa umloweke kwanza, chumvi imemzidi.

Lile beseni la bati bado ninalo, limetoboka kidogo pembeni. Jana niliona maji ya upenuni yanachimba shimo pale mlangoni, nikaliweka likinge. Nilipogeuka kuingia ndani nikakuta nimeshachukua kitambaa cha kanga na kukitandika ndani yake.

Mama yako,
Tanga