Nimeombwa niwe jaji wa picha za kilabu. Nitoe vipi alama?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Nina studio ndogo hapa Chake Chake, kazi yangu zaidi ni harusi na picha za paspoti. Kilabu cha vijana wapiga picha kimeniomba niwe jaji wa mashindano yao. Wako 14, kila mmoja ataleta picha nne, na mada ni Maisha ya Pwani. Karibu wote wanapiga kwa simu, na wamepanga kunitumia kwa WhatsApp. Mwaka jana jaji wao alitoa alama juu ya kumi, nusu ya picha zikapata saba, watu wakaondoka wamenuniana. Mimi nifanyeje? Na picha zilizotiwa filta nizichukulie vipi?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kabla ya alama, zuia hiyo WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi ikabaki na pikseli, yaani zile nukta zinazounda picha, kama 1600 upande mrefu. Karatasi ya A4 ikichapishwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, inataka 3508. Kwa hiyo ulichopokea kinatosha kuchapishwa urefu wa sentimita 13 na kidogo tu, na zile taarifa zinazoandikwa na kamera ndani ya faili zimefutwa. Waambie watume kama dokumenti, au walete kwenye fleshi. Tena wasikutumie wewe. Wampe katibu, yeye aondoe majina aweke namba. Chake ni mji mdogo. Ukishajua kwamba namba 23 ni ya mtoto wa shangazi yako, hutaiona tena kwa jicho lako.

Zote ziangalie kwenye skrini moja, mwanga wake usiubadilishe katikati, na ile rangi ya manjano ya usiku izime.

Sasa hizo saba. Jaji mwenye huruma hawezi kuandika tatu, na kumi anaiogopa, basi picha zote zinarundikana kati ya sita na nane. Dawa yake ni kuchelewesha namba. Mara ya kwanza pitia picha zote 56 bila kalamu. Mara ya pili zigawe mafungu matatu: inabaki, nitairudia, inatoka. Mara ya tatu, ikiwezekana siku ya pili yake, anza na ya 56 urudi hadi ya kwanza, kwa sababu ukali wa jicho la mwanzo si ukali wa jicho lililochoka. Zikibaki 12 au 15, hapo ndipo utoe alama, juu ya 20, ukizilinganisha mbili mbili. Zilizotoka hazina haja ya namba. Zina haja ya neno.

Nakuhimiza hiyo siku ya pili kwa sababu mimi iliniokoa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa jaji wa vijana wa Mjini. Namba fulani ilikuwa mzee fundi wa jahazi, Nungwi, ameinama anatia kalafati. Bahari nyuma yake imelala upande, na kwenye kona kuna ndoo ya plastiki ya buluu. Nikaitoa. Nyingine ilikuwa ngalawa ya Paje, tanga jeupe, maji ya kijani, kila kitu mahali pake. Nikaipa ya kwanza. Usiku ule ngalawa sikuikumbuka kabisa. Nilichokuwa nakiona ni kidole gumba cha yule mzee kikisukuma pamba kwenye ufa wa ubao, ukucha umepasuka, mafuta yanang'ara. Asubuhi nikazifungua tena. Nilipoikuza ngalawa, ukingo wote wa tanga ulikuwa na uzi mweupe, ule unaoachwa na programu mtu akizidisha makali, na anga lilikuwa limejaa chengachenga. Bahari iliyolala hunyooshwa kwa sekunde tano na ndoo hukatwa. Kile kidole kilitaka mtu aliyekaa na mzee asubuhi nzima. Nikageuza matokeo, na siku ya kutangaza nikawaeleza kwa nini.

Kwa mada yenu, angalia sana mwanga. Mchanga wetu ni mweupe, na kamera ikiuona hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Akina mama wa mwani wanageuka vivuli visivyo na macho. Mwengine akitaka kuzifungua sura anazidisha mwanga, kanzu ikawa nyeupe tupu isiyo na mkunjo. Ukikuta picha ya saa saba mchana ambayo kanzu bado ina mikunjo, baibui bado ni kitambaa, na sura zinasomeka, jua huyo aliyepiga anaijua simu yake. Mpe haki yake hata kama rangi hazipigi kelele.

Filta: usiamue siku ya mashindano. Tangazeni mapema kwamba kukata, kunyoosha na kurekebisha mwanga ni halali, kuongeza au kuondoa kitu ni haramu, na kila picha itakayofika mwisho itaombwa faili lake la asili. Hata wakubwa wanafanya hivyo. Mwaka 2015 World Press Photo, mashindano ya dunia ya picha za habari, waliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho baada ya kuzilinganisha na za asili. Mwaka 2023 mpiga picha Boris Eldagsen wa Ujerumani alikataa tuzo ya Sony World Photography Awards, akasema wazi kwamba picha yake imetengenezwa na akili mnemba. Majaji walikuwa hawakuikataa. Wewe una kinga moja ambayo wao hawana: unaijua pwani. Ukiletewa machweo ya Paje na jua linazama baharini, uliza. Paje iko mashariki. Pale jua huchomoza baharini, na jioni huzama nyuma ya minazi.

Jambo moja mimi silisamehe. Mama amejifunika uso kwa ncha ya kanga na kamera bado iko juu yake. Picha hiyo siipi alama, hata iwe na mwanga mzuri namna gani.

Siku ya kutangaza, usiseme "nzuri" wala "mbaya". Sema jicho lako lilikwenda wapi kwanza, na nini kililiondoa. "Nilianza kwenye mkono wa mtoto, halafu mwamvuli mwekundu ukanivuta nje ya picha." Kijana ataondoka na kitu cha kufanyia kazi Jumamosi inayofuata. Na usimwambie ungepiga wewe ungesimama wapi; pima picha aliyoileta.

Karatasi yako ya alama na maelezo mkabidhi katibu aihifadhi. Atakayekuja kuuliza, asomewe kile ulichoandika kuhusu picha yake.