Mtoto Anapopaliwa na Korosho: Jibu kwa Msomaji wa Nachingwea

Msomaji mmoja wa Nachingwea ameniandikia akiuliza kama ni kweli kwamba kumpiga mgongoni mtoto mchanga aliyepaliwa ni ukatili, kwa sababu mama mkwe wake anashikilia kuwa dawa ni maji na tonge la ugali. Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili, lakini swali lake limenigusa mahali ambapo bado panauma.

Msimu uliopita wa korosho nilikuwa Masasi kwa dada yangu na shemeji, watu wazima tukibangua korosho barazani. Mpwa wangu, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka, alikaa mkekani na kaka yake mdogo, na huyo kaka, kwa upendo wake wa kitoto, akamtia korosho mdomoni. Hakuna aliyesikia kitu, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika, kwa kuwa mtoto aliyezibwa kabisa njia ya hewa halii wala hakohoi. Nilichokiona ni kinywa kilichoachama bila sauti, mbavu zikivutwa ndani kwa nguvu, na midomo ikianza kubadilika rangi.

Bibi yake wa upande wa baba ndiye aliyewahi kumfikia, akawa anataka kumwingiza kidole kooni huku akiagiza kikombe cha maji. Nilimpokonya mtoto, na sijutii. Nilimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu uliotulia pajani, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, taya lake nikiwa nimelishika kwa vidole bila kulibana koo, kisha nikampiga kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Nilimgeuza chali, nikamkandamiza kwa vidole viwili kwenye mfupa wa katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, nikamrudisha tena kifudifudi. Ikatoka pamoja na ute, nusu ya korosho yenye alama za meno ya kaka yake, na kilio kikafuata.

Kesho yake habari ilishasimuliwa kwa namna nyingine: mtoto alipona kwa dua ya bibi, na mimi nikawa yule mjomba aliyempiga kichanga mbele za watu. Kwa sisi watu wa kusini mjomba si mtu wa kupuuzwa, kwa hiyo maneno yale bado ninayo moyoni. Nilichokifanya sikukibuni, nilikipata katika mafunzo ya huduma ya kwanza chuoni, ambayo wenzangu wengi waliyaona kuwa ya kupitisha muda.

Basi dada yangu wa Nachingwea, mwambie mama kwa adabu kwamba maji na tonge havina kazi hapo, kwa maana njia imeziba, na kinachoongezwa juu yake huzidi kuiziba. Kidole nacho hukisukuma kitu ndani zaidi. Kitolewe kwa mkono pale tu kinapoonekana wazi. Mtoto anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe, maana kikohozi chake kinashinda mikono yetu. Akinyamaza na kushindwa kupumua, apigwe mapigo matano mgongoni, kisha akandamizwe kifuani mara tano, kwa zamu, mpaka kitu kitoke, huku mwingine akitafuta bodaboda au gari. Aliyevuka mwaka mmoja, badala ya kifua, hukumbatiwa kutoka nyuma, ngumi ikawekwa juu ya kitovu na kuvutwa ndani na juu, lakini tumbo la kichanga lisibinywe hivyo kamwe, kwani ini na viungo vingine huumia. Akizimia, alazwe mahali pagumu, akandamizwe kifuani mara 30 kwa pumzi mbili, na kinywa kitazamwe kabla ya kila pumzi.

Ila nasema wazi kwamba wazazi wengi tunatafuta ufundi wa kuokoa huku tukiendelea kuwatega watoto. Magego ya mtoto huchelewa kuota, hivyo meno ya mbele hukata tu, hayasagi. Korosho na karanga nzima zingoje mpaka afike miaka minne au mitano; kabla ya hapo zisagwe, ziingie kwenye uji au mchuzi. Vipande vya mua, bisi, peremende, mbegu za ubuyu na samaki asiyechambuliwa miiba kwa vidole ni vya kuogopwa vilevile. Mtoto ale akiwa ameketi, asile akikimbia wala akicheka. Na ninyi mnaomlaza mtoto, mkamziba pua na kumnywesha uji kwa nguvu ili anenepe, acheni, kwa sababu mtoto anayelia huvuta pumzi, na uji humfuata mapafuni.

Umeniuliza pia kama inatosha kitu kikitoka. Haitoshi. Mtoto aliyekandamizwa tumboni au kifuani apelekwe akapimwe, na kama baadaye atabaki na kikohozi kisichoisha au pumzi yenye mluzi, mweleze daktari kwamba aliwahi kupaliwa, na utaje kuwa ni korosho, kwa sababu picha ya eksirei mara nyingi haiioneshi, na asiyeambiwa anaweza kutibu nimonia wakati kipande bado kimo kwenye pafu.