Kama hukuwepo baba alipozikwa, anza na kiggya

Msomaji wa Kampala ameniandikia wiki hii. Babake alizikwa kijijini, upande wa Masaka, yeye akiwa kazini Dubai. Amerudi, mwaka wa pili huu unakwenda, na hajadondosha chozi hata moja. Anauliza asome kitabu gani ajielewe. Ndugu yangu, vitabu vitakungoja. Nenda nyumbani ukafyeke kiggya.

Kiggya, kwa asiyejua, ni makaburi ya familia, mara nyingi kando ya migomba ya nyumbani. Siku hizi watoto wa marehemu hutuma pesa kwa simu, kijana wa jirani akafyeka kabla ya Krismasi, wao wakafika kupiga picha. Inaniuma sana kuona hivyo. Kazi ile ni ya mtoto, na huzuni iliyokwama hufunguka mikono ikiwa na shughuli.

Tenga siku mbili. Nenda peke yako, au na ndugu mmoja asiyependa maneno mengi. Beba panga, jembe, ndoo na gamboti, kwa sababu kiggya kilichoachwa huwa na nyoka. Anza saa moja asubuhi. Jua la saa sita likikukuta katikati ya kazi utaharakisha, na mwenye haraka halii. Fyeka kutoka pembeni ukija ndani. Majani yaliyoota juu ya kaburi lenyewe yang'oe kwa mkono, kwani panga huacha mizizi na kumegua saruji. Usichome takataka: moto hupasua saruji na kuunguza migomba. Zitandaze shambani, nusu mita kutoka kwenye mashina, maana fukusi wa migomba hupenda unyevu ulioegemea shina.

Ukimaliza, kaa chini utaje nasaba yako kwa sauti. Baganda wa Uganda huita okulanya. Unaanza na jina lako, la baba, la babu, kisha unapanda matawi ya ukoo, dogo hadi kubwa: lunyiriri, mutuba, ssiga, hadi kasolya, yaani kilele cha paa, anakokaa mkuu wa ukoo. Ssiga ni figa la jikoni, neno lilelile tunalotumia kwa Kiswahili. Mutuba ni mti. Ukoo mzima umepewa majina ya nyumba na uwanja wake, kwa hiyo unapoutaja ni kama unaingia mlangoni. Wengi hukwama kwa babu wa baba. Mpigie shangazi wiki moja kabla, andika majina kwenye karatasi, na simu uiache ndani ya nyumba.

Hapo ndipo machozi huja. Yakija, usikimbilie kunawa uso. Ikija hasira badala yake, iseme: "Baba, ulituachia deni na hukutuambia." Marehemu hatadhurika, na wewe utapumua. Lisipokuja lolote, endelea kung'oa majani. Ila kama hulali, huli, au unawaza kujiua, usingoje safari ya kijijini. Muone daktari leo hii.

Wapo wanaoogopa kwamba huku ni kuabudu mizimu. Kung'oa majani na kutaja majina ya wazee si ibada. Muislamu huzuru kaburi na kusoma dua, Mkristo husali sala yake, na majina yanabaki yaleyale.

Siku ya pili panda mutuba. Huu ndio mti ambao gome lake hutoa lubugo, nguo ambayo Baganda huwafungia wafu wao. Tafuta tawi lililonyooka, nene kama kifundo cha mkono, urefu wa mita 2. Likate mshazari upande wa chini, ujue mguu wake ni upi, kwa sababu watu hulipanda kichwa chini na likafa. Liache kivulini siku nzima utomvu mweupe ukauke, kwa hiyo likate siku ya kwanza kabla hujashika panga la kufyekea. Chimba nusu mita, simamisha, shindilia udongo kwa mguu. Ncha ya juu ipake samadi iliyokandwa na udongo isikauke. Urefu ule una sababu: mbuzi hupenda sana majani ya mutuba, na tawi fupi halimalizi mwezi. Lifunge kwenye vigingi viwili, maana likitikiswa na upepo vimizizi vichanga hukatika. Liwe angalau hatua 10 kutoka makaburini. Mizizi ya jamii ya mikuyu haiheshimu saruji.

Miaka kadhaa baadaye, mti ukinenepa, fundi huubambua msimu wa mvua. Hukata mduara juu na chini, akachana wima, kisha akalibandua gome taratibu kwa kabari ya mgomba asiumize mti wa ndani. Kisha, bila kuchelewa, huuvisha mti majani ya migomba. Usipovishwa, jua huukausha na jeraha haliponi. Ukivishwa vizuri hutoa gome jipya, na mti mmoja huvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Ufundi huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008, lakini mafundi wa ukoo wa Ngonge walikuwa wakiufanya karne nyingi kabla ya hapo.

Asiye na kiggya, kwa kuwa ardhi iliuzwa au hajui kilipo, aende Kasubi, jijini Kampala. Paa la nyumba kubwa ya makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, lina pete 52 kwa ndani, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Lanya ukiwa hapo, polepole.

Na wewe wa Masaka, mvua za vuli kwenu huanza Septemba. Tawi likipandwa kiangazi hukauka, kwa hiyo mpigie shangazi sasa, majina yawe tayari kabla ya mvua.