Mwanangu ananiita Kanada, binti yangu ananikataza. Niende?

*Shangazi, nina miaka 69, naishi Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa kiume yuko Toronto na mkewe. Wana watoto wawili, wa pili kazaliwa Januari hii. Anataka niende sasa hivi nikamsaidie kulea, nikae hata miaka miwili. Binti yangu ninayeishi naye anasema mwenye presha hapandi ndege, nitafia angani. Usiku wanabishana kwenye simu, mimi niko chumbani nawasikia. Wajukuu natamani niwashike, sijapata kuwaona ila kwenye simu. Lakini naogopa ndege, naogopa baridi, na zaidi naogopa kufia ugenini. Nifanyeje?*
*Bibi wa Barabara ya 12*

Shikamoo, Bi Mkubwa.

Katika barua yako yote, lililonikaa moyoni ni hilo la wanao kubishana huku wewe umejilaza chumbani unawasikiliza. Safari ni yako, mwili ni wako, na mpaka leo hakuna aliyekuuliza. Mimi nasema nenda, daktari akikuruhusu. Ila nenda kwa masharti yako, uyatamke kwa kinywa chako kabla tiketi haijakatwa.

Tuanze na presha, maana ndiyo hoja ya binti yako. Presha iliyotulia kwa dawa haimzuii mtu kupanda ndege. Wenye kuambiwa wasubiri ni wale ambao presha yao haijashikika, au waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni. Nenda hospitali ya Bombo, au kwa daktari yeyote anayekujua, umweleze kwamba safari itachukua zaidi ya saa 20 ukihesabu na kusubiri. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Toronto, lazima ubadilishe njiani, iwe Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam. Daktari akuandikie barua ya Kiingereza yenye majina ya dawa zako na kiasi unachomeza. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, katika paketi zake. Usizitie kwenye begi kubwa, kwani mabegi hupotea njiani na mwenyewe ukafika bila hata kidonge. Muulize pia utabadilishaje saa za kumeza, kwa sababu Toronto iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa joto na saa 8 wakati wa baridi.

Ndani ya ndege, cha kujihadhari nacho zaidi ni damu kuganda miguuni kwa kukaa kitako muda mrefu. Mwanao akuombee kiti cha upande wa njia. Kila baada ya saa moja au mbili inuka, tembea mpaka nyuma ya ndege urudi. Ukiwa umekaa, chezesha vifundo vya miguu, vidole juu, vidole chini. Na maji unywe. Wazee wetu wengi hujinyima maji safari nzima kwa kuona haya kupita mbele ya watu kwenda msalani. Usione haya, Bi Mkubwa. Kunywa.

Kitu kingine mwanao aombe pale pale anapokata tiketi ni kiti cha magurudumu. Najua utasema miguu yako mizima. Hiki ni kwa ajili ya kupata mtu wa kukushika mkono. Huduma hii haina malipo. Mfanyakazi anakuchukua tangu kaunta pale Terminal 3 ya Dar, anakupitisha uhamiaji, anakufikisha mlangoni mwa ndege, na unakobadilisha kuna mwingine anakupokea. Viwanja vile ni vikubwa na maandishi ni ya kigeni, kwa hiyo mtu wa kukuongoza atakutoa hofu nyingi. Hata hivyo, andikiwa karatasi yenye jina la mwanao, anwani na namba zake za simu, uiweke pamoja na pasipoti. Na kutoka stendi ya Kange usipande basi siku ile ile ya ndege. Tangulia Dar siku moja au mbili, ulale kwa ndugu, upumzike.

Kuhusu baridi, hapo mwanao kakosea. Februari Toronto ni barafu barabarani, na mtu wa miaka 69 akiteleza akavunja nyonga, hayo ni mambo mengine kabisa. Mwambie usubiri Mei. Mtoto atakuwa na miezi minne, ameanza kucheka na watu, nawe utatoka naye nje. Ila jiandae kwa mchana mrefu: Juni jua linazama kama saa 3 usiku, magharibi yao ndiyo hiyo, na isha inachelewa zaidi.

Sasa tuje kwenye miaka miwili. Hapa sikubembelezi: kwa safari ya kwanza, miaka miwili ni mingi mno. Viza ya kawaida ya mgeni kwa Kanada humpa mtu miezi sita. Ipo ya wazazi na mababu inayoruhusu kukaa miaka hadi mitano kwa mfululizo, na huenda ndiyo anayoifikiria. Lakini karatasi kuruhusu miaka hakukulazimishi kuikaa. Sema miezi mitatu, tiketi iwe ya kwenda na kurudi, tarehe ijulikane. Ukipapenda, utarudi tena. Na mwulize waziwazi: mkewe akirejea kazini, mtoto mchana kutwa atakuwa na nani? Kumpakata mjukuu, kumwogesha, kumwimbia, hiyo ni furaha yako. Kubaki peke yako na mtoto mchanga na mkubwa wake mkorofi saa kumi kwa siku, kwenye nyumba usiyojua hata jirani wa kumwita, hiyo ni kazi, na kwa umri wako na presha yako una haki ya kuikataa. Kulisema hilo mapema kutakuepusha na kununiana na mkweo jikoni.

Mwanao akukatie bima ya afya ya mgeni. Hospitali za kule mgeni analipa mwenyewe, na bili ya siku chache inaweza kuwatia kwenye deni la miaka. Presha isifichwe kwenye fomu ya bima, wala dawa uliyobadilishiwa karibuni. Kikifichwa kitu, wanakataa kulipa.

Hilo la kufia ugenini usilimeze peke yako. Mweleze mwanao kama ulivyonieleza mimi. Amwulize wa bima kama inagharamia kumrudisha marehemu nyumbani, maana zipo zinazogharamia na zipo zisizogharamia. Kaa pia na sheikh wako, kwani masheikh wengi huhimiza maiti azikwe upesi pale alipofia, na Toronto Waislamu wapo wengi na makaburi yao yapo. Ukishaamua, andika wasia, nakala moja kwa binti na moja kwa mwana.

Na binti yako, Bi Mkubwa. Mimi nadhani nyuma ya presha kuna jingine. Mtu anayelala na mama yake nyumba moja, anayemchemshia chai asubuhi, akisikia "miaka miwili" anasikia kwamba mama harudi. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa tarehe ya kurudi, kabla hata ya kaka yake. Mwombe akusindikize kwa daktari, asikie kwa masikio yake.

Mkitoka huko, chagua Jumapili, saa 12 jioni hivi, Toronto itakuwa asubuhi. Mkae wote wawili sebuleni, simu iwe na sauti ya juu, na uanze kuzungumza wewe. Mwambie mwanao: Mei, miezi mitatu, tiketi ya kurudi, bima, na kuhusu kazi ya mtoto tuelewane. Kisha umwache ajibu.