Ukienda Tower Arch kwa gari, anzia kaskazini

Msomaji ameniandikia kwa uchungu: gari lake lilizama mchangani ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arches, jimboni Utah, Marekani, na Tower Arch, tao la asili la mwamba, hakuiona. Gari lilikuwa zima, magurudumu yote manne yanavuta. Kilichomponza ni kwamba alitokea kusini, upande wa Balanced Rock, na matairi yake yalikuwa yamejazwa upepo mwingi, ule wa kuendea lami.

Njia hiyo ina mteremko mkali wa mchanga laini unaopeperushwa na upepo kila siku. Ukitoka kusini unaupanda, ukitoka kaskazini unaushuka. Basi shika Salt Valley Road, ile ya vumbi inayochepuka muda mfupi kabla ya Devils Garden, ndipo uingie njia ya four-wheel. Mvua ikinyesha, ahirisha. Udongo wa bonde lile ukilowa hujaza meno ya tairi, na hapo four-wheel haikusaidii kitu.

Punguza upepo kabla ya mchanga, si baada ya kuzama. Kutoka psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) shuka hadi 18 au 20. Tairi hutanuka na kuacha alama ndefu, uzito ukasambaa. Chini ya 15 ni hatari: ukikata kona kwa nguvu, tairi huchomoka kwenye rimu. Pima kwa geji kila tairi, maana kukisia kwa jicho hudanganya. Weka gia nzito, mwendo uwe mmoja, na ukitaka kusimama achia mafuta gari lisimame lenyewe. Breki hurundika mchanga mbele ya tairi.

Magurudumu yakianza kuzunguka bure, ondoa mguu papo hapo. Sekunde chache za ubishi zinatosha kulikalisha gari kwa tumbo. Chimba kwa beleshi mbele na nyuma ya kila tairi, punguza tena psi 2 au 3, kisha rudi nyuma kwenye alama zako zilezile, kwani pale mchanga umeshashindiliwa.

Mwisho wa njia, tao liko mwendo mfupi tu kwa miguu. Mwenye gari la kawaida, barabara ikiwa kavu, aanzie maegesho ya Klondike Bluffs, kwenye Salt Valley Road, atembee kwa miguu: kama kilomita 4 kwenda na kurudi. Kanyaga mwamba mtupu au mchanga wa korongo kavu. Ule udongo mweusi wenye vinundu, kama mkate ulioungua juu, ni hai. Sianobakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, wameshika chembe zake, na unyayo mmoja huchukua miaka mingi kupona. Inauma kuona nyayo za watu waliokatiza hapo ili waokoe hatua 20.

Juu ya tao usipande, ni marufuku. Mwaka 1991 kipande cha urefu wa mita 18 hivi kilimeguka kutoka Landscape Arch, tao jingine la hifadhi hiyo, mchana, watu wakiwa hapo, na njia ya chini yake ikafungwa. Tao la tatu, Wall Arch, lilianguka zima mwaka 2008.

Beba maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, nusu yake ibaki garini. Na pampu ya upepo isiachwe hotelini: kabla ya kurudi lami jaza hadi psi 35, kwani tairi laini likienda kasi hupata joto ubavuni na kupasuka.